Toa Kabati, Toa Geti

Simu ilipolia, Absalom alikuwa juu ya ngazi, ameshika kamba ya tenti, katika ua wa watu wa Membley waliokuwa na ruracio, sherehe ya mahari, ya binti yao. Wazee wa upande wa kijana walikuwa wameshaketi chini ya tenti hiyo, wakingoja kuulizwa wamekuja kutafuta nini. Mtu mwenye akili angeiacha simu ilie. Absalom aliitoa mfukoni kwa mkono wa pili na kuibana begani.

"Mzee wangu, ni Idah wa mikopo ya nyumba. Umepita!"

"Nimepita wapi?"

"Mkopo! Umepita! Kesho mje Ruiru na mama mtie sahihi."

Absalom alipiga ukelele na kurusha mikono yote miwili juu. Kamba nayo ikaenda zake. Tenti ilishuka taratibu, kama mtu anayejilaza baada ya kula, ikawafunika wale wazee, kofia na bakora na vyote, na kutoka ndani sauti moja ikauliza kama hivi ndivyo wageni wanavyopokelewa upande huu.

Alishuka mbio akawatoa mmoja mmoja, huku anawapangusa makoti na kucheka peke yake.

"Mniwie radhi, wazee. Nimepata nyumba!"

"Sasa kama umepata nyumba," akasema mzee mmoja akitafuta miwani yake, "ndiyo utuzike sisi?"

Wenye sherehe walimkata malipo kidogo kwa fujo hiyo. Hakujali. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, kifua kipana, mdomo usiojua kuzunguka, na siku hiyo angeweza kukatwa mkono na bado akashukuru.

Alikuwa na sababu. Yeye na mkewe Wilkister walikodi Makongeni, Thika, tangu kabla mtoto wao Lenny hajazaliwa: vyumba viwili, na kibanda nyuma cha kuwekea tenti, viti vya plastiki na sufuria kubwa za kupikia umati. Hiyo ndiyo kazi yao, kukodisha vitu kwa harusi na matanga. Sasa mwenye ploti alikuwa amemuuzia mtu anayetaka kujenga ghorofa, na wapangaji wote walitakiwa kuwa wameondoka mwezi ukiisha. Walizunguka Thika nzima wakitafuta pengine pa kukodi. Kila mwenye nyumba akisikia kuna lori la viti, anakumbuka ghafla kwamba chumba kimeshachukuliwa. Ama wapate nyumba yao wenyewe yenye ua, ama wauze viti na tenti kwa bei ya kutupa na kuanza maisha upya uzeeni.

Mabenki yalikuwa yamewafukuza. "Payslip iko wapi?" waliulizwa kwanza, na Absalom, ambaye hajawahi kuajiriwa na mtu, alijibu kwamba payslip yake iko kwenye kibanda, aje mtu ahesabu viti. Mahali pengine tatizo lilikuwa Boaz. Huyu ni ndugu yake Wilkister. Absalom alimdhamini anunue pikipiki kwa mkopo, na Boaz akaipanda hiyo pikipiki mpaka Malaba na hakugeuka. Jina la Absalom likaingia CRB, kwenye orodha ya wasiolipa madeni. Alilipa deni lote la shemeji yake, akapewa cheti kwamba sasa ni safi, lakini mabenki yaliendelea kumtazama kama mtu aliyeoga na bado ananuka.

Idah peke yake hakumcheka. Alikuwa afisa wa benki ndogo pale Ruiru, msichana wa umri wa kuwa binti yake, na alichotaka ni akiba ya kuanzia, kile cheti, na stetimenti ya simu ya mwaka mzima, kwa sababu wateja wa Absalom wote humlipa kwa M-Pesa. Akampelekea. Sasa amepita.

Asubuhi yake walivaa nguo za kanisa, wakaanzia Gatongora kuiona tena nyumba waliyotaka kununua. Ilikuwa ya vyumba vitatu, isiyo na ghorofa, na ua ambao lori lingeweza kuingia na kugeuka. Fundi wa Kinyanjui alikuwa ndani anaweka kabati za jikoni. Wilkister alifungua kila mlango wa kabati na kuufunga. Alisimama mahali pa jiko, akanyoosha mkono kulia kama anayechukua chumvi, akanyoosha kushoto kama anayechukua mwiko.

"Baba Lenny," alisema, "hapa nitanenepa."

Kinyanjui, ambaye ndiye aliyejenga nyumba za hapo na kuziuza, alikuwa mlangoni na funguo zake.

"Nenepeni, lakini mniletee karatasi ya benki leo. Kuna mwalimu anaitaka hii nyumba kama dawa. Ikifika jioni bila karatasi, namwita."

"Tunaenda kutia sahihi sasa hivi, wewe!" Absalom akamwambia. "Mwambie mwalimu afundishe."

Ofisini Idah aliwapokea na chai. Karatasi zilikuwa tayari mezani, na kalamu juu yake. Alianza kuwasomea, kama sheria inavyotaka, na alipofika mahali fulani akatabasamu.

"Na mzee, mmenishangaza. Kwa mwezi mnaingiza kama laki mbili na arobaini."

"Nani?"

"Wewe."

Absalom aligeuka kutazama nyuma, labda ameingia Absalom mwingine. Mwezi mzuri, mwezi wa Desemba wa harusi juu ya harusi, tenti zilimletea laki moja na kitu. Miezi mingine ilikuwa nusu ya hapo. Chini ya meza kiatu cha Wilkister kikamkanyaga. Hakikuwa kimekosea njia.

Akaitazama ile karatasi. Akaelewa.

Watu wa kwao kutoka Bungoma na Busia wanaofanya kazi Thika na Ruiru, viwandani, mashambani, majumbani mwa watu, wana umoja wao. Mmoja akifa, kila mtu anatuma kitu. Wanatuma kwa simu ya mweka hazina, naye analipa mochari, jeneza na basi, na marehemu anapelekwa nyumbani akazikwe na watu wake. Mweka hazina wao, miaka yote hiyo, ni Absalom.

Alishika kalamu. Nyumba ilikuwa hapo, upana wa karatasi moja. Kiatu cha Wilkister kilizidi kumwelemea.

"Madam," alisema, na akaiweka kalamu chini, "hizi pesa si zangu zote. Zingine ni za maiti."

Idah aliacha kikombe hewani. "Za nani?"

Akamweleza. Kisha akaivuta stetimenti na kumwonyesha kwa kidole. "Ona hii wiki, pesa zinaingia kama mvua. Huyu ni Nafuna, alikuwa anafanya kazi kwa shamba la maua. Hapa zimetoka zote, hii ni mochari, hii ni basi. Hii nyingine ni Mzee Wafula, yeye alikuwa mlinzi. Alikuwa mrefu, jeneza tukatengenezesha."

"Na kwa nini hukuniambia, mzee?"

"Hukuuliza. Mimi nilifikiri kompyuta inajua harusi na matanga."

Wilkister hakuweza tena. "Ungefunga mdomo dakika moja tu, Baba Lenny! Mtu anatia sahihi kwanza, ndio anaongea!"

"Na wewe hesabu!" Absalom akamgeukia. "Wameniwekea malipo ya mtu wa laki mbili. Mimi si yeye. Mwezi usipokuwa na harusi nitalipa na nini? Nikae nikingoja nani afe?"

Mabega ya Wilkister yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, ingawa machozi yalikuwa yamefika.

"Angalau tungeanza na Boaz," alisema.

Hata Idah alicheka. Kisha akavuta kompyuta. Aliondoa pesa za matanga moja moja, Absalom akimtajia ni za nani, akapanda ghorofani kwa mkubwa wake na kuwaacha hapo. Chai ilipoa. Wilkister alitoa kitambaa, akakikunja, akakikunjua. Absalom alisoma tangazo la ukutani kuhusu familia yenye meno mengi na furaha mpaka akalijua lote.

Idah alirudi akiwa amekaza uso, na Absalom akajua.

"Hawajawakataa," alisema haraka. "Mkubwa amekubali. Lakini kwa pesa zenu za kweli tunaweza kuwapa milioni tatu na laki mbili. Si nne tena."

Nyumba ilikuwa milioni nne na nusu. Akiba yao ilikuwa laki tano. Absalom hakuhitaji kalamu kuona kwamba shimo ni la laki nane, na hawakuwa na hata elfu ya kutupia humo.

"Basi ni ya mwalimu," Wilkister alisema polepole.

Absalom alikuwa amekumbuka wateja wake. Hakuna mteja anayekubali bei ya kwanza ya sherehe. Anataka kila kitu, akitajiwa bei anashika kichwa, halafu anaanza: toa mapambo, toa zulia jekundu, toa vile viti vya kitambaa, babu akalie plastiki. Na sherehe inafanyika, na watu wanakula na kucheza. Maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa akitolewa vitu. Akampigia Kinyanjui, akaiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Kinyanjui! Zile tiles ziko kwenye maboksi bado?"

"Ziko. Kwani?"

"Toa. Nitakanyaga simiti. Inapunguza ngapi?"

"Haiya! Mzee, nyumba si nyama ya kukatwa!"

"Unataka kuuza ama unataka kupiga picha? Tiles ngapi?"

Kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, Kinyanjui akataja laki na themanini.

"Toa kabati za vyumba. Nguo zetu zinakaa kwenye sanduku tangu tuoane, zimezoea."

"Laki na nusu. Lakini aterere, sikia..."

"Toa dari!"

"Utalala ukitazama mabati?"

"Nimeyatazama Makongeni miaka yote, hayajanifanya kitu. Toa!"

Absalom alikuwa amesimama sasa. Watu wa kaunta nyingine walikuwa wamegeuka. Idah aliandika mbio mbio, na kila kitu kilipotolewa alitaja kilichobaki, sauti yake ikipanda kama ya mtangazaji wa mpira.

"Geti!" Absalom akasema. "Toa geti, nitafunga na mabati. Na yale matofali ya uani, lori halichagui."

"Milango ya ndani pia," Wilkister akadakia. Alikuwa ameinuka, mkoba uko kwapani kama mtu anayetaka kupigana. "Tutaweka mapazia!"

"Hapana, mama," Idah akamshika mkono. "Milango, madirisha, choo na maji hamuwezi kugusa. Mthamini wetu anapita Jumatatu, akikuta nyumba haina milango atasema ni kibanda."

"Tumebakisha ngapi?"

"Laki mbili na elfu thelathini."

Absalom alimtazama Wilkister, akajua anachokiona: mkono wa kulia kwenye chumvi, wa kushoto kwenye mwiko. Hilo hangelitaja yeye. Aliiacha simu ipumue hapo mezani.

"Kinyanjui," Wilkister akasema mwenyewe, "toa kabati za jikoni."

"Mama, si fundi amemaliza sasa hivi!"

"Basi azifungue. Si anajua alikofungia? Ngapi?"

"Laki mbili," Kinyanjui akasema, na akaguna. "Sasa mmebaki na elfu thelathini na hakuna kitu cha kutoa. Mnataka nitoe ukuta?"

"Wewe una nyumba ngapi hazijauzwa?" Absalom akamwuliza.

"Nne. Mbona?"

"Siku ya kuonyesha wateja unawakalisha wapi? Juani? Mimi nakuwekea tenti na viti mia, mara tatu, bure. Toa hiyo thelathini."

Mtu mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Kubali bana!"

"Kai huyu mtu," Kinyanjui akasema. "Andikeni milioni tatu na laki saba. Na tenti iwe nyeupe."

Wilkister alimkumbatia Idah akamwinua kidogo kutoka chini. Absalom alitia sahihi kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi, na Idah akachapisha nyingine.

Jioni hiyo hiyo walikuwa Gatongora na karatasi yao. Kinyanjui aliisoma, akaikunja, akampigia mwalimu mbele yao na kumwambia pole. Fundi alikuwa tayari anafungua kabati, na kwa kuwa alikuwa peke yake, Absalom alivua koti la kanisa akashika upande mmoja, Wilkister mwingine. Walizipitisha mlangoni moja baada ya nyingine. Kisha wakabeba maboksi ya tiles. Absalom alikuwa anaimba, vibaya, na kwa kila alichokitoa nje aliiona nyumba ikizidi kuwa yake.

Mama mmoja wa nyumba ya pili alitoka akasimama uani kwake, kiganja shavuni. Baadaye wangemjua kwa jina la Magdalene.

"Woi, poleni sana," aliwaambia. "Watu wa mnada wamewatoa?"

"Hapana, mama!" Absalom akamjibu, jasho likimtiririka. "Tumenunua! Tunaingia!"

"Mnaingia na vitu vinatoka?"

"Ndiyo, na hii ni nzito," Wilkister akasema kutoka upande wa pili wa kabati. "Kuja ushike hapa."