Libanga la Kamate

Joviale alikuwa amechoka hata kabla ya kuimba. Viti ishirini vya plastiki, vilivyoazimwa parokiani, alivibeba yeye na Twahiru, mpiga gitaa wake, wakavipanga nyuma ya duka la fundi cherehani hapa mtaani Mapendo. Tamasha lilianza saa tisa mchana, maana siku hizi kila mtu anataka giza limkute kwake. Walikuja watu kumi na wanne, na wawili kati yao walikuwa wanasubiri suruali zao.

Joviale aliimba pop yake ya kujitungia, taratibu, bila wachezaji na bila libanga. Wanamuziki wa mji huu hutupa libanga: katikati ya wimbo humtaja mtu kwa jina, naye aliyetajwa huinua mkono, akapigiwa makofi. Joviale alishaapa kwamba wimbo wake hautageuzwa orodha ya wakubwa. Ndiyo maana viti sita vilikaa vitupu, tusidanganyane.

Wimbo wa mwisho ulikuwa mpya. Ulikuwa wa kumlilia kaka yake Kamate, dereva aliyeondoka na lori la viazi kuelekea Rumangabo, kwenye mapigano, na miezi kumi na minne sasa kimya. Joviale alichoka kusubiri. Alitaka amlilie mara moja, mbele za watu, yaishe. Nyumbani hakuthubutu, kwa sababu mama yao, Masika, bado alimwekea Kamate sahani kila jioni.

Twahiru alikuwa anakaza nyuzi Masika alipoingia. Hakuwa amewahi kuja kumsikiliza binti yake hata siku moja. Alipita mpaka mbele, na kitambaa chake cha kanisani kichwani, akamwinamia.

“Joviale, mutoto yangu, unitupie libanga moja. Ya Kamate.”

“Mama, unajua miye situpake majina.”

“Najua. Lakini banatupaka majina ya batu bazima tu. Mwenye kufa, hapana. Utupe yake, batu basikie iko muzima.”

 Wimbo wa Joviale ulianza na “Lala, kaka.” Angeuimba hivyo, mama angejua kwamba binti yake ameshamzika Kamate moyoni. Alimtazama Twahiru amsaidie. Twahiru akatazama gitaa lake, rafiki wa bure huyo.

Akaanza. Penye “lala” akaweka “njoo.”  Kisha, kwa mara ya kwanza maishani, akatupa: “Kamate! Kamate wa Mama Masika!”

Watu wote waligeuka kumtafuta mwenye jina, kama ilivyo desturi, hata wale wa suruali. Hakuna aliyeinua mkono. Twahiru akarudia pale pale kwenye gitaa, mara mbili, mara tatu, akimpa mtu nafasi ya kujitokeza.

Masika naye alikuwa amegeuka. Hakuinua mkono kwa niaba ya mwanawe. Alikaza macho kwenye mlango wa duka, akisubiri auinue mwenyewe.

Joviale alitamani kukaa chini. Akalitupa jina tena.