Blanketi la Mama Caren

Benta Opondo, au Mama Caren kwa jina la mwanawe, alijua kuchagua samaki, kuparua samaki, kukaanga samaki, na kumwuzia samaki mtu aliyekuja sokoni kutafuta sukuma wiki. Kushona hakujua. Kifungo alichokishona yeye hakikumaliza Jumapili mbili shatini. Kwa hiyo siku ile kina mama wa kanisa pale Nyalenda, Kisumu, walipokubaliana kwamba kila mmoja ashone kiblanketi kimoja cha mtoto mchanga, vipelekwe wodi ya uzazi, Benta alipaswa kukaa kimya. Lakini wapi! Alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Tusimcheke haraka. Miaka kumi na moja alikuwa katika kikundi kile, na miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kuosha sufuria. Rachael aliimbisha, Elsie alisoma kumbukumbu za mkutano, Dorca alikuwa mwenyekiti na kitambaa chake cha kichwa kilichosimama wima. Sufuria zikichafuka, wote waligeuka kumtazama Benta. Mtu huchoka, bwana.

Akarudi nyumbani na mfuko wa vitambaa. Tejal, mama mwenye duka la nguo mjini, alikuwa amewapa gunia zima la mabaki ya fundi: vitenge, pamba ya maua, vipande vya sare za shule. Kazi yenyewe si ya kwendea chuo. Unakata vipande vya mraba vinavyolingana, unaviunga kimoja kwa kingine mpaka vitoshe kumfunika mtoto. Chini unatandika shuka kuukuu, katikati blanketi lililochakaa, halafu unavishika vyote vitatu kwa uzi visihamehame. Dorca aliwaeleza mara mbili. Benta akaanza Jumatatu, na kufikia Jumatano alikuwa ametengeneza kitu kilichojikunja kama sikio la mbuzi.

Mumewe, Joram, alikitazama kitu kile, akacheka.

"Unacheka nini?" Benta akamrushia. "Haya, shona wewe basi!"

Alikasirika, ndiyo, lakini moyoni alishtuka. Joram alikuwa hajacheka miaka miwili.

Zamani huyu Joram alikuwa mvuvi wa ufuo wa Dunga, na zaidi ya kuvua alikuwa mtengenezaji wa nyavu. Wavu ukipasuka, hata wa watu wa Asembo Bay, uliletwa kwake. Kisha kiboko akapindua mtumbwi wao, nyonga ya Joram ikavunjika. Iliunga. Daktari akamwambia atembee, naye akatembea: kutoka kitandani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka kitandani. Kanisani hakwenda. Ufuoni hakwenda. Mgeni akibisha hodi, Joram alishika fimbo yake akajiingiza chumba cha ndani, nyuma ya pazia, akakaa humo mpaka mgeni aondoke. "Siendi kuonewa huruma," alisema, na baada ya hapo hata kusema akaacha. Benta alimbembeleza, akamfokea, akamletea mchungaji. Kila asubuhi alipojitwika beseni la samaki alimwomba Nyasaye, Mungu wake, jambo moja tu: amwone mume wake akitoka kwa lile geti kwa miguu yake, mbele za watu.

Alhamisi jioni aliporudi sokoni, sikio la mbuzi halikuwepo. Kitandani palikuwa na safu nne za vipande vilivyonyooka, mshono mdogo mdogo, kila mmoja sawa na mwenzake.

"Nani amekuja hapa?"

"Hakuna mtu amekuja," Joram akajibu. Kipande cha uzi kilikuwa kimemganda kwenye mdomo.

"Baba Caren!"

"Ulikuwa unavuta uzi kama unavuta ng'ombe. Uzi hauvutwi hivyo. Ni kama wavu tu. Jicho moja likiwa kubwa, yote yanaharibika."

Akaendelea. Aliongea juu ya uzi, akaongea juu ya sindano, akaongea juu ya kile kipande cha kijani ambacho kilikatwa upande na lazima kitolewe. Mboga zikaungua, Benta hakuinuka. Mtu ambaye kwa miaka miwili alikuwa anasema "chumvi" na "maji" leo anabishana na kitambaa! Alibaki amekaa pale na mwiko mkononi, akiogopa hata kukohoa asije akamkatiza.

Kila siku sasa Benta alikwenda kuuza samaki, Joram akabaki anashona. Katoni ya mafuta ya kupikia aliikata ikawa kipimo. Na ilipofika kushikanisha yale matabaka matatu, kwenye kila pembe ya kila kipande alipitisha uzi mpaka chini, akafunga fundo upande wa nyuma. Ukilivuta, linazidi kukaza.

"Lakini usimwambie mtu," akasema.

Hapa lazima nieleze, maana wengine watasema mbona Kisumu imejaa mafundi wa kiume. Ni kweli. Mwanamume akikaa barandani na cherehani yake, anaitwa fundi, na wateja wanamsalimia kwa heshima. Lakini mwanamume anayeshona kwa mkono, kitandani, kiblanketi cha mtoto, kwa niaba ya mke wake, ili mke apeleke kanisani? Huyo amekaliwa chapati, yaani mke ndiye anayemtawala. Huko Dunga watamwimbia mpaka afe.

Na ushahidi ulikuja wenyewe. Jumamosi moja Owiti, aliyekuwa mwenzake wa mtumbwi, aliingia bila hodi, kwa sababu Owiti hajui hodi ni nini. Joram hakuwahi kufika kwenye pazia. Alikalia blanketi, na sindano ilikuwa bado imo.

"Omera, uko sawa?" Owiti akauliza. "Mbona jasho?"

"Ni nyonga," Joram akasema, macho yamemtoka.

Owiti alikaa nusu saa nzima akisimulia habari za bwana mmoja wa ufuoni aliyekutwa akifua nguo za mkewe, na jinsi vijana walivyomtungia jina. Alicheka mpaka akashika mbavu. Alipoondoka, Benta alimchomoa mumewe sindano matakoni, wote wawili wakicheka kimyakimya wasisikike nje. Lakini Joram aliacha kucheka ghafla akasema, "Umeona sasa?" Benta akaona.

Jumapili ya kukabidhi, Benta alikusudia kusema ukweli nusu nusu, kwamba alisaidiwa. Basi akalikunjua blanketi. Kina mama wakasema "Aaa!" kwa pamoja. Rachael akalipapasa. Dorca mwenyewe, ambaye hajawahi kumsifu mtu kabla ya kumaliza kumsahihisha, akasema, "Mama Caren, kumbe!" Wakapiga makofi. Na Benta, Mungu amsamehe, akasikia mdomo wake ukisema, "Ni mkono tu, dada zangu. Ni mkono."

Uwongo una miguu mifupi, sote tunajua. Huu haukumaliza hata ibada. Dorca alisimama akatangaza kwamba wodi imeomba mablanketi mengine, na kwamba Alhamisi kikundi kizima kitakwenda kwa Mama Caren ili awafundishe mkono wake.

Siku nne! Joram alijaribu kumfundisha. Benta alijichoma vidole vitatu, na mafundo yake yalifunguka ukiyatazama tu.

"Tuwaambie," Benta akasema Jumatano. "Baba Caren, tuwaambie tu. Kwani umeiba?"

"Ukiwaambia, mimi na sindano basi. Na usiniletee tena kitambaa hapa."

Alisema hivyo bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Benta. Aliujua ule unyamavu. Alikuwa ameishi nao miaka miwili, akilala nao, akiupikia. Akaona bora aaibike yeye kuliko aupate tena ndani ya nyumba. "Sitasema," akaahidi.

Alhamisi walikuja tisa, na mikoba yao ya vitambaa. Joram alikuwa nyuma ya pazia tangu saa nane. Benta alikuwa amejifunga kidole gumba kwa tambara.

"Mwiba wa samaki," akaeleza. "Kwa hivyo leo nitafundisha kwa mdomo."

"Mdomo unao," Elsie akasema, wakacheka.

Alianza vizuri. Katoni, kipimo, kukata. Baadaye akafika kwenye kushona, akawaambia wavute uzi kwa nguvu sana, halafu akakumbuka ni kinyume, akawaambia wauache ulegee, halafu akasema unategemea siku. Kina mama wakatazamana. Nyuma ya pazia mtu alikohoa kwa uchungu.

"Kuna nani?" Rachael akauliza.

"Paka."

Dorca hakucheka. Blanketi la Jumapili, lililobakizwa liwe mfano, lilikuwa mapajani pake. Aliligeuza nyuma, akavaa miwani, akashika fundo moja, akalivuta. Akashika la pili.

"Mama Caren," akasema polepole. "Hii fundo naijua. Baba yangu alikuwa anafunga hivi hivi, kwa nyavu, huko Asembo. Hakuna mwanamke nimewahi kuona akifunga hii. Hii blanketi ilishonwa na nani?"

Benta alitazama pazia. Halikutikisika. Neno moja tu lingemwokoa, na lilikuwa ni neno la kweli. Akalimeza.

"Nilinunua," akasema. "Niliinunua soko la Kibuye."

"Ulinunua?" Elsie akasimama. "Na ukasimama kanisani, ukasema ni mkono?"

"Ndiyo. Nilidanganya."

"Sisi tulikupigia makofi, yawa," Dorca akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo ambalo ni baya zaidi. "Mbele ya madhabahu tulikupigia makofi."

Rachael alikuwa ameshaanza kukunja vitambaa vyake. Miaka kumi na moja ya sufuria, na sasa hata sufuria hatapewa. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini hakugeuza neno lake. Angelirudia tena, kama wangemwuliza tena.

Ndipo fimbo ikagonga sakafu. Pazia likavutwa kando, Joram akasimama pale, shati limetoka nje, sindano yenye uzi mwekundu imechomekwa kwenye kola.

"Mke wangu hajanunua kitu," akasema. "Ni mimi nilishona."

Tisa wale wakaacha midomo wazi. Wengine hawakuwa wamemwona tangu ajali. Elsie ndiye aliyewahi, maana ulimi wa Elsie huamka kabla yake.

"Ai, Baba Caren! Kwani umekaliwa chapati?"

Akacheka peke yake. Benta alifunga macho.

"Nimekaliwa," Joram akajibu. "Nimekaliwa sawasawa. Na huyu aliyenikalia amelitupa jina lake hapa mbele yenu ili nyinyi msinicheke mimi. Haya, cheka."

Elsie hakucheka. Alikaa chini, akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, na ninavyomjua mimi hakukuwa na kitu alichokuwa anatafuta.

Joram aliiegemea fimbo. Mguu mbovu ulikuwa umechoka, na hakuna aliyejua afanye nini na mtu mzima anayetetemeka mlangoni. Ni Dorca aliyesogea kwenye kochi, akampigapiga Rachael begani naye asogee, nafasi ikapatikana katikati.

"Mzee, kaa hapa," akasema. "Hii fundo, baba hakuwahi kunifundisha. Alisema ni ya wavulana."

Joram akakaa. Mwanzoni aliongea na kitambaa tu, hakumtazama mtu. Pitisha chini. Zungusha mara mbili. Hapana, mama, usivute kama unavuta ng'ombe! Baada ya dakika kumi alikuwa anamnyang'anya Rachael kazi mkononi na kuifumua. Baada ya nusu saa alimwambia Elsie kwamba mshono wake umelewa, na Elsie, Elsie yule yule, akasema, "Pole, mwalimu," akarudia. Benta alipika chai, akaigawa. Akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, akamtazama mume wake akigombana na watu. Alikuwa amesahau jinsi anavyopendeza akigombana.

Jua lilipoelekea kuzama, kina mama walikusanya vitu vyao. Dorca alikuwa na mafundo sita yasiyofunguka, na alikuwa anamwonyesha kila mtu.

"Alhamisi ijayo tutakuwa ukumbi wa kanisa," akasema. "Hapa hatutoshi, na wengine watataka kuja. Utakuja, Mzee?"

Benta akaacha kukusanya vikombe. Ukumbi wa kanisa uko ng'ambo ya barabara ya Dunga, na ukienda kwa miguu lazima upite pale wanapokaa wavuvi mchana kutwa. Joram aliijua njia ile kuliko mtu yeyote. Alitazama mguu wake. Alitazama kitambaa kilichokuwa mkononi, akakinyoosha juu ya goti, akakinyoosha tena.

"Natembea polepole," akasema.

"Tutakungoja," Dorca akasema.

"Basi nitakuja."

Benta aliviweka vikombe chini, akatoka nje haraka bila kuaga mtu. Pale bombani, majirani walipokuwa wamepanga foleni na madumu yao, alisimama akalia kwa sauti. Mmoja akamwuliza kwa hofu, "Mama Caren, ni msiba?"

"Hapana," akasema, na bado analia. "Alhamisi Baba Caren anatoka."