Aliyekuja Kumsamehe Mbwa

Osea alikuwa akichambua kahawa kwenye chanja, akitoa punje nyeusi na zilizotobolewa na wadudu, mkewe Ruti alipomwita kwamba kuna mgeni. Mama mzee alikuwa amesimama uani, kitenge kimefungwa juu ya sweta, viatu vya plastiki vimejaa vumbi jekundu. Alitoka Mbebe, kule Ileje, na njiani alikuwa amebadilisha gari mara mbili.

"Mimi ni Ketrina, mama yake Gwamaka," alisema.

"Shikamoo, mama," alijibu Osea.

Kwa miaka minne alikuwa akiikwepa safari ya kwenda Mbebe kutoa pole. Mwaka wa kwanza alisingizia mguu, wa pili kahawa. Wa tatu hakuna aliyemuuliza tena.

Mama Ketrina hakukaa kwenye kiti alicholetewa. "Yuko wapi huyo mbwa?"

Doria alikuwa amelala juani kando ya ukuta wa jiko. Alikuwa mbwa wa jeshi, aliyefunzwa kunusa mabomu; akinusa bomu, habweki, anakaa kitako. Sasa mdomo umeota mvi na mguu mmoja wa nyuma haukunjiki. Huko walikokwenda kulinda amani, Osea ndiye aliyemwongoza. Siku barabara ilipolipuka na Gwamaka, askari wa kikosi chake, akafa, Osea aliandika kwenye taarifa maneno matatu: mbwa hakutoa ishara. Doria akaondolewa kazini. Osea naye alipoacha jeshi akaomba arudi naye nyumbani, na watu wakasema ana moyo wa huruma.

Mama Ketrina alipiga magoti taratibu, akafungua jani la mgomba. Ndani mlikuwa na mifupa ya mbuzi, bado ina nyama.

"Nimekuchukia," alimwambia mbwa, bila kupandisha sauti. "Mbwa wa jirani akibweka nakukumbuka wewe. Mchungaji akaniambia, mama, utakufa na huo mzigo. Basi nimekuja. Wewe ni mnyama tu, ulikosea. Nimekusamehe."

Doria alimnusa mkono, kisha akaanza kula.

Osea angeweza kunyamaza. Chai ilikuwa inachemka. Baada ya saa moja mama yule angepanda gari kifua kikiwa chepesi, na nani angeumia? Alimtazama mbwa akilamba kile kiganja.

"Mama, hakukosea."

Mama Ketrina aligeuza shingo.

"Alikaa," Osea alisema. "Katikati ya barabara, alikaa kabisa. Jua lilikuwa kali, tunatembea tangu alfajiri, na siku hiyo alishakaa mara mbili tukachimba tukakuta makopo matupu. Nikamvuta kamba."

"Na mwanangu?"

Hili hakuwahi kumwambia hata Ruti. "Aliona. Aliniuliza, 'Afande, si amekaa huyo?' Nikamwambia amechoka tu, wewe pita. Akapita."

Ruti, aliyekuwa mlangoni na birika, aliliweka chini.

"Ndivyo alivyokuwa tangu mdogo," mama Ketrina alisema. "Ukimtuma, haulizi mara mbili."

"Mama, nitakwenda kambini. Nitasema ukweli."

"Utasema. Lakini kwanza utakuja Mbebe umwambie baba yake. Mimi maneno hayo sitakubebea."

"Nitakuja, mama. Naomba unisamehe."

Mama Ketrina alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. "Kwa huyu nilijiandaa miaka minne," alisema. "Kwako sijajiandaa."

Kisha akaketi palepale mavumbini, akanyoosha miguu. Aliona Doria anahangaika na mfupa, meno ya upande mmoja yamekwisha. Akauchukua, akaanza kunyofoa nyama kwa vidole, kipande kwa kipande, akimlisha. Osea alibaki amesimama, mikono imening'inia, akisubiri kuambiwa akae au aondoke.