Tiki Niliyoisahau

Kwa wateja wangu sina mzaha. Siku tovuti niliyowajengea inapofunguliwa, kabla hata sijanywa chai, naiunga na chombo cha kufuatilia utafutaji wa mtandaoni: nathibitisha kwamba tovuti ni yetu, napeleka ramani ya kurasa zote, kisha kila Jumatatu naangalia watu wametafuta maneno gani, sisi tumeonekana mara ngapi, na wangapi wamebofya. Mteja akichelewa kunipa nywila, namfokea. Hivyo ndivyo nilivyo kwa watu baki.

Tovuti ya dada yangu niliijenga kwa hisani, na kwa ndugu mtu hujisahau. Dada alikuwa fundi viatu, lakini si viatu vya kila mtu. Alishona vya watu ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Soli moja nene, moja nyembamba, na ukivitazama kwa mbele huwezi kujua. Karakana yake ilikuwa uchochoroni, nyuma ya duka la rangi, mahali ambapo hata majirani walipita bila kupaona. Ndiyo maana alitaka tovuti. "Wanaonihitaji wapo," aliniambia, "ila hawajui nilipo."

Nikamjengea kwa wikendi mbili. Kile chombo nikasema nitakiunga wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine, miaka miwili ikapita. Kinyozi hajinyoi, nikawa najitetea, kana kwamba methali ni cheti cha daktari.

Mara kwa mara alinipigia. "Mdogo wangu, mbona simu hailii?"

"Labda picha zako, dada. Hazivutii."

Akapiga picha nyingine. Akatafuta kitambaa cheupe cha kutandika chini ya viatu, akapiga tena. Mimi sikufungua hata kuangalia.

Jumatatu moja akanipigia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. "Nimepata kazi kiwandani, kubandika soli. Mashine yangu ya kushonea inachukuliwa na mnunuzi Ijumaa, na kalibu zote za mbao za kuundia viatu. Niandikie kwenye tovuti kwamba tumefunga, watu wasije bure."

Nikaingia. Kabla ya kuandika tangazo nikasema angalau nikiunge kile chombo, nijue tutawaangusha wangapi. Ilinichukua dakika kumi. Dakika kumi! Nikakipa anwani ya ukurasa wa kwanza kiukague, kikanijibu kwamba ukurasa huo umezuiwa usionekane kwenye utafutaji, na aliyeuzuia ni mwenye tovuti.

Mwenye tovuti ni mimi. Wakati wa kujenga nilitia tiki kwenye kisanduku cha kuficha kurasa, zisionekane zikiwa nusunusu. Kazi ikiisha, unaiondoa. Kwa wateja sijawahi kuisahau. Kwa dada niliisahau, na chombo ambacho kingenipigia kelele tangu wiki ya kwanza sikukiunga. Miaka miwili mizima watu walimtafuta, nami nilikuwa nimemfungia ndani.

Hapo ndipo nilipopaswa kumpigia. Badala yake nikaondoa tiki, nikaomba kurasa zikaguliwe upya, tangazo nikaliacha, nikanyamaza. Hesabu yangu ilikuwa ya woga: mstari wa grafu kwenye chombo ukipanda kabla ya Ijumaa, nitampelekea habari njema na kosa litajifia lenyewe. Jumanne, sifuri. Jumatano, sifuri. Alhamisi nilikifungua chombo kile mara ishirini, kama anayefunua chungu ambacho hakijashika moto. Ijumaa mashine ikabebwa na wanaume wawili, nami nikawashikia mlango.

Jumatano iliyofuata mstari ukainuka. Tumeonekana mara sitini na tatu, waliobofya tisa. Nikasoma maneno waliyoandika: kiatu cha mguu mfupi. Fundi wa kuongeza soli upande mmoja. Viatu vya shule mtoto miguu hailingani. Nikafunga kompyuta, nikaenda kwake.

Nilimkuta ametoka kiwandani, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Kabla sijafungua mdomo, simu yake ikaita. Alikuwa mama mmoja, na sauti yake hata mimi niliisikia.

"Ana miaka mingapi?" dada akauliza. "Sentimita tatu? Basi mama, msimamishe, mwekee vitabu chini ya mguu mfupi mpaka kiuno kilingane, halafu upime..." Akashusha sauti. "Samahani mama yangu. Nimefunga. Mashine sina tena." Kisha akauliza, "Kwani namba yangu umeitoa wapi?"

Akasikiliza huku akinitazama. Alipokata simu nikamweleza yote: tiki, chombo, ile Jumatatu. Niliona aibu, na mpaka leo naiona.

Nilitegemea matusi. Akatoa mguu mmoja majini, akaufuta taratibu.

"Ya miaka miwili, ulisahau. Kusahau kupo. Lakini Jumatatu nilipokupigia, ulijua siku ileile?"

"Nilijua, dada."

"Mashine ikiwa bado yangu."

"Ikiwa bado yako."

Simu ikaita tena, namba nyingine ngeni. Akaiokota mezani, akaninyooshea.

"Pokea wewe," akasema. "Mwambie tumefunga."