Povu la Bega la Kondoo

Mwaka mzima wa korona, Gaynor Ackroyd alikuwa mwajiri asiye na wa kumwajiri. Kazi yake ilikuwa kutafuta watu wa kuendesha baa za kampuni yao kule Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na baa zote zilikuwa na kufuli. Akabaki kwenye meza ya jikoni kwake, akiwapigia simu wafanyakazi waliorudishwa nyumbani, awajulie hali na kuwabembeleza wasikimbie.

Wakakimbia. Serikali ilipotangaza kwamba Aprili baa zitafunguliwa, nje tu, wateja wahudumiwe wakiwa wameketi, mpishi wake hodari alikuwa dereva wa lori, na meneja wa Bega la Kondoo, baa kongwe ya mji wa Halifax, alikuwa akinyoa mbwa.

"Mbwa hawalewi, Gaynor," alimwambia. "Wala hawanisimulii talaka zao."

Bosi alikuwa ameshatamka: Bega la Kondoo likikosa meneja siku ya kufungua, linauzwa kwa wajenzi wa nyumba za kupangisha. Gaynor alikunywa bia yake ya kwanza mle. Baada ya kumzika babake, waombolezaji walikusanyika mle. Hakulala vizuri mpaka alipompata Lennox Pryce kwa usaili wa video: kijana wa London, mcheshi, mzoefu, anayejua kumtoa mlevi bila kumgusa. Akamwuliza kila kitu isipokuwa namna anavyomimina bia, maana hilo halionekani kwenye skrini.

Siku ya kufungua ilianguka theluji nyepesi. Haikumzuia mtu. Wazee walijaa uani, blanketi magotini, na glasi ya kwanza ikapelekwa kwa Wilf Sugden, mkongwe wa wateja. Akaitazama bila kuigusa.

"Kijana, hii imekufa lini?"

"Samahani, mzee?"

"Bia haina kichwa. Povu liko wapi?"

"Nimekujazia mpaka ukingoni," alisema Lennox. "Kwetu ukimpa mtu povu, anakuuliza bia yake umeinywa wewe."

"Kwenu mnakunywa chochote mnachopewa."

Ua mzima ukacheka. Glasi zikaanza kurudi, moja baada ya nyingine, zikiwa vilevile.

Gaynor akamfuata Lennox ndani. Kwenye kaunta palikuwa na kikofia cha plastiki chenye vitundu, kile kinachofungwa kwenye mdomo wa bomba ili bia itoke na povu zito. Asubuhi Lennox alikuwa amekifungua akakiweka kando.

"Nilidhani ni cha kuwapunja watu," alisema, huku akivua aproni. "Dada, sikuja huku kutukanwa. Treni ya jioni ipo."

"Ukiondoka, leo ndiyo mwisho wa baa hii," alisema Gaynor. "Na kosa ni langu. Nilikuuliza habari za bima na za moto, nikasahau povu. Hawa wamefungiwa mwaka mzima wakiota kitu kimoja. Wewe ulikuwa ukiota nini?"

Lennox alifikiri kidogo. "Baa iliyojaa."

"Basi hiyo hapo. Inakutukana."

Akacheka bila kutaka, akakirudisha kikofia. Lakini Gaynor hakujua kumimina, na wateja walikatazwa kuingia. Akafungua dirisha.

"Haya, wazee. Mfundisheni."

"Zamisha mdomo wa bomba mpaka kwenye kitako cha glasi!"

"Vuta huo mpini wa pampu, bwana, hupigi mswaki!"

Glasi ya kwanza ikafurika hadi viatuni. Ya pili ilikuwa povu tupu.

"Hiyo ni ya kunyolea ndevu," alisema Wilf. "Endelea."

Iliyofuata ilitulia taratibu, nyeusi chini, juu yake povu zito kama krimu, nene kama kidole. Lennox akaipeleka mwenyewe. Wilf akanywa funda refu, akajifuta masharubu. Hakusifu.

"Niletee nyingine," alisema. "Na moja yako."

Pale uani watu wakageuka kutazama. Huko hakuna bakshishi ya kaunta. Mhudumu akikubaliwa hununuliwa kinywaji, na Wilf hakuwa mwepesi wa kununua.

Lennox akamgeukia Gaynor. "Niichukue?"

"Ukiichukua, umekubali kubaki."

Akaingia ndani. Gaynor akabaki kwenye theluji, ametega masikio. Akasikia mpini ukivutwa, glasi ikiwekwa kwenye kaunta. Kisha mpini ukavutwa tena, kujaza glasi ya pili.