Sakafu ya Meya Santing

"Kunja magoti, Ompong! Chini! Hapo unakaba mtu au unangoja kupigwa picha ya harusi?"

Ompong, jitu refu lenye pengo la meno mawili ya mbele, alikunja magoti akaburuza miguu kwenda upande, kushoto kisha kulia, huku mpunga ukimfunika vidole. Nyuma yake timu nzima ya Santa Rufina ilimfuata kwa safu, miguu peku, mikono imetandazwa kama kocha alivyowafundisha. Kila walipopita, punje za chini zilikuja juu na za juu zikaenda chini. Pembeni, chini ya mwavuli wenye chuma kimoja kilichovunjika, Nanay Sepa, mama mkulima, aliwasimamia vikali kuliko kocha mwenyewe.

"Pale chini ya goli mmeparuka!" alipiga kelele. "Kocha, vijana wako wavivu upande wa kushoto."

"Ndiyo maana Jumamosi tulifungwa, Nanay."

"Nilikuwepo. Nilifunika uso."

Wachezaji waliangua kicheko, na Kocha Dulo akacheka nao, maana ilikuwa kweli. Hakuna ligi nyingine ya kulipwa ya mpira wa kikapu duniani ambako timu hufanya mazoezi ya ulinzi juu ya mavuno ya watu, lakini tangu mpunga ukatwe, wakulima hawakuwa na pa kuuanika ila uwanja wa mtaa, na timu haikuwa na pa kuchezea ila hapo hapo. Mashine ya serikali ya kukaushia ilikuwepo, imeegeshwa nyuma ya ofisi ya Meya na utepe wake mwekundu, haijawahi kutiwa mafuta. Basi Dulo na Nanay Sepa walikaa wakaelewana: nusu ya uwanja mpira, nusu mpunga, na vijana waugeuze kwa miguu yao. Mpunga ulikauka vizuri, na ulinzi nao ukaanza kuonekana. Tatizo lilikuwa kufunga. Goli la mtaa lilikuwa limepinda, na vijana walishazoea kurusha mpira kwa kupinda nalo.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ukumbi mpya wa michezo, umekamilika tangu kabla ya Pasaka, una sakafu ya mbao inayong'aa na magoli yaliyonyooka. Ulikuwa umefungwa. Haujazinduliwa, na Santa Rufina kitu kisichozinduliwa hakiguswi. Seneta alikuwa akingojewa. Aliahirisha kwa mafua, akaahirisha kwa harusi, na sasa hatimaye alikuwa anakuja kesho kukata utepe na kutazama mechi ya kwanza. Meya Santing alikuwa amemwita Dulo akamwambia kwa upole, huku akimshika bega, kwamba wakifungwa mbele ya Seneta, timu itakabidhiwa kwa swahiba wake, kumpare Lando, mtangazaji wa mapambano ya majogoo redioni.

Dulo alijua kufukuzwa. Katika maisha yake ya ukocha alishamwaga unga kwa ujumbe wa simu, kwa kufutwa jina kwenye bango, na mara moja aliipata habari kwa muuza samaki. Alianza kama mchezaji wa kukalia benchi huko Manila, akawa mbeba maji, akawa msaidizi wa makocha waliokuwa wakivuta sigara yeye akichora mbinu. Matajiri walichoka na timu zao kama watu wanavyochoka na viatu, naye akahama. Hii ya Santa Rufina ndiyo timu ya kwanza aliyokabidhiwa yeye mwenyewe. Mkewe Estrelita hakuwahi kutundika mapazia katika nyumba yoyote waliyopanga, hadi hii. Aliyashona ya manjano. Kila Dulo akiyatazama, aliwaza siku ya kuyashusha.

Alichohitaji ni alasiri moja tu. Vijana wayaone magoli yaliyonyooka kabla ya kesho.

Saa tatu akawa ofisini kwa Meya. Bi Flordeliza, katibu muhtasi wake, alikuwa anakula tambi za pansit na hakuinua macho.

"Ufunguo uko kwa injinia."

Injinia, ghorofa ya pili, alisema uko kwa Bi Flordeliza. Dulo akashuka.

"Bi Flor, injinia anasema uko kwako."

"Injinia naye! Uko kwangu, lakini ruhusa iko kwake."

"Yeye anasema ruhusa iko kwa Meya."

"Meya yuko Manila, anampokea Seneta. Njoo kesho."

"Kesho ndiyo mechi, dada yangu!"

"Basi kesho kutwa." Aliukunja mdomo asicheke. Alipenda kumpiga mtu kalenda, lakini hakuwa na roho mbaya. Alifuta vidole, akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Yule kijana wako Rigor, mwenye vishimo mashavuni. Ana mchumba?"

"Hana."

"Nina mpwa wangu. Namtaka apige picha naye kesho, wawili tu, bila lile jitu lenye pengo kujichomeka."

"Ompong nitamfunga kamba."

Ufunguo ukatoka chini ya sahani ya pansit. "Viatu safi, Kocha. Na pale katikati, msipakanyage kanyage. Ni Meya."

Kweli alikuwa Meya. Wachezaji walipoingia alasiri, walikuta uso wake umechorwa duara zima la katikati, anatabasamu, kila jino ukubwa wa kigae. Rigor alivua kofia. Ompong alilala kifudifudi akainusa sakafu.

"Inanuka kama fanicha ya matajiri," alisema.

"Inuka, utaitia mafuta ya dagaa!" Dulo alimfokea.

Mpira ulipodunda mara ya kwanza, mlio wake ulizunguka ukumbi mzima, na wote wakasimama kuusikiliza. Kisha wakaanza kurusha. Mwanzoni ilipita kando, kwa ile tabia ya kupinda. Dulo aliwarekebisha viwiko mmoja mmoja, akipiga makofi, akiwatukana kwa upendo, na polepole mipira ikaanza kuingia. Rigor alifunga, akafunga tena. Kocha alihisi furaha ikimpanda kifuani, furaha ya kijinga ya mtu anayeona kazi yake inatii. Tutashinda, aliwaza. Mungu wangu, kesho tunashinda.

Ndipo mvua ikaanza kugonga bati la paa.

Alitoka mlangoni. Wingu lilikuwa limeushuka mlima bila kumwambia mtu. Ng'ambo, Nanay Sepa na majirani walikuwa wanakimbiza mpunga kwa majembe ya mbao na mabeseni, turubai lao halifiki hata nusu. Mwaka huu mbolea ilipanda na bei ya mpunga ikashuka, na ukilowa wanunuzi hawautaki hata bure. Ukitiwa magunia mbichi, unaota mle mle.

Dulo aliushika ufunguo mfukoni. Aliifikiria sakafu, akafikiria Seneta, akafikiria mapazia ya manjano. Alipogeuka, mazoezi yalikuwa yamesimama. Mama yake Ompong alikuwa kule kwenye mvua, na wa Rigor pia. Vijana walikuwa wanamtazama yeye.

"Mnanitazama nini?" alifoka. "Mimi ndiye mvua? Kimbieni!"

Waliuingiza kwa magunia, kwa mabeseni, kwa fulana. Dulo aliufungua mlango mkubwa pande zote mbili na kuelekeza kwa sauti ile ile ya mechi: wewe kona, wewe chini ya goli, tandaza, tandaza! Mpunga ulienea hadi ukamfunika Meya kidevu, kisha tabasamu, kisha macho. Nanay Sepa, amelowa chapachapa, alikuwa anaugeuza kwa miguu juu ya pua ya ile picha, gari la Meya liliposimama nje.

Meya Santing, aliyerudi kutoka Manila kumtangulia Seneta, aliingia na kumpare Lando akimshikia mwavuli. Alitafuta uso wake sakafuni, hakuuona.

"Dulo," alisema taratibu. "Hii nini?"

Dulo alifungua kinywa, lakini Nanay Sepa alimtangulia.

"Meya wetu! Mungu akuzidishie! Nilisema mimi, Meya hawezi kutuacha tukanyeshewa!"

Watu walipiga makofi. Simu ziliinuliwa, nyingine zinarusha moja kwa moja. Meya aliziona. Mkono wake wenyewe ulichukua jembe la mbao kutoka kwa mzee wa karibu, na sura ikabadilika ikawa ile ya kwenye duara.

"Ndugu zangu!" alisema akiielekea simu iliyokuwa karibu zaidi. "Ukumbi huu nimewajengea ninyi. Mpunga wa wakulima wa Santa Rufina utakaa hapa mpaka ukauke! Punje ya mwisho!"

Shangwe ilitikisa bati. Lando alipiga picha. Kisha Meya akamshika Dulo bega, akamsogeza nyuma ya ubao wa goli, na tabasamu likabaki mdomoni tu.

"Kesho saa nne Seneta yuko hapa. Vitu hivi vitoke usiku huu. Benchi atakaa Lando. Wewe nenda kwa mkeo, mfungashe. Na nipe ufunguo."

Ilimuuma. Ilimuuma kuliko mara zote, kwa sababu safari hii mipira ilikuwa inaingia. Alitazama sakafu: vijana wake walikuwa wamepanga safu wenyewe, magoti yamekunjwa, wanateleza upande kwa upande bila kuambiwa, na upande wa kushoto haukuachwa hata unyayo.

"Meya," alisema kwa sauti ya kutosha kusikika na zile simu, "umesema mwenyewe hewani. Ufunguo nitakuletea mpunga ukikauka."

Simu zote ziligeuka. Meya akaliinua tena jembe, akatabasamu.