Ridhaa ya Mbuzi

Mbuzi alisimama kimya, maji yakimtiririka kutoka kwenye pembe hadi kwatoni, na hakutikisa hata unywele. Shada la maua ya njano lilining'inia shingoni, paji lake la uso limepakwa rangi nyekundu, na nyuma yetu foleni ya watu wenye majogoo na mbuzi wao ilikuwa imeanza kuguna. Hekaluni Dakshinkali, siku ya Jumamosi, mungu mke ana wageni wengi. Mnyama mwenye maringo hapendwi.

"Mwongeze," akasema Mjomba Asta Man.

Nikammwagia tena. Mbuzi akafumba macho kama mzee anayenyolewa.

Kwetu mnyama hachinjwi bila kuulizwa. Unammwagia maji, akijitikisa, amekubali. Asipojitikisa, huna sadaka, una mbuzi tu. Na bila sadaka gari la Mjomba la watalii halitoki bonde la Kathmandu. Alfajiri ya kesho nilitakiwa kulipeleka Lo Manthang, kule juu karibu na mpaka, nikiwa dereva. Dereva, si utingo! Tangu niache shule nimekuwa nikiwazungusha watalii humu humu Kathmandu, hekalu hadi hekalu, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kinu cha mafuta. Nilikuwa nimeshatangaza safari kwa kila mwenye masikio kwetu Kirtipur, na kwa viziwi wawili watatu pia.

Mtalii wa safari hiyo, Bibi Griet, mwalimu mstaafu kutoka Uholanzi, alikuwa kachuchumaa mbele ya mbuzi na kamera yake.

"Mbona hajitikisi?" akaniuliza.

"Anafikiria."

"Marehemu mume wangu alikuwa hivi hivi. Nilimwambia Willem tuoane, akakaa mwaka mzima anafikiria."

Tangu hapo mbuzi akawa Willem.

Mimi subira sina. Nikainama kama ninayerekebisha shada, nikammiminia Willem maji sikioni. Kofi la Mjomba likanitua kisogoni.

"We mpwa! Ridhaa ya kumiminiwa sikioni ni ridhaa gani? Unamdanganya mungu mke mlangoni kwake?"

"Mjomba, huyu ni mbuzi. Anajua nini kuhusu Lo Manthang?"

"Baba yako naye alisema hivyo hivyo."

Nikaliweka jagi chini. Baba alikuwa dereva wa lori. Siku yake ya mwisho alikuwa na haraka, akapasua yai mbele ya gurudumu badala ya kuchinja, akasema linatosha, miungu wenyewe wanaijua foleni ya malori pale Thankot. Mvua ikabomoa barabara, lori likaishia kwenye mto Trishuli. Mimi nasema ni mvua. Mama anasema ni yai. Tumebishana hivyo tangu niote ndevu, na Baba hajarudi kutuamulia.

Mchinjaji akatufukuza tuwapishe wenye mbuzi waungwana. Mjomba akajikuna kidevu.

"Hapa hakupapenda. Tumzungushe, achague mwenyewe mlango. Ila jua likizama hajakubali, safari nampa Gyanu Lal. Mbuzi wake alijitikisa Jumanne, maji hata hayajamfika."

Gyanu Lal ni jirani yetu. Anaendesha kama anayekimbia mahari. Ningekubali kumeza plagi kuliko kumwona akipita na Bibi Griet wangu.

Basi, Bibi Griet aliyetaka kuuona mji kabla ya safari aliuona akiwa na mbuzi ubavuni. Willem alipewa kiti cha dirishani. Hekaluni Boudha, kwa Wabudha, hawachinji, lakini Mjomba alisema kuuliza si kuchinja. Tukaingia katikati ya mahujaji, Willem akalizunguka kuba kwa upande unaotakiwa, jambo ambalo huwashinda watalii wengi. Ajuza mmoja wa Kitibeti akamlisha biskuti, akamtazama usoni, kisha akanitazama mimi.

"Huyu maisha yajayo atakuwa lama, mtawa mkubwa," akasema. "Wewe sijui."

Tukammwagia maji pembeni. Willem akayalamba.

Kule Swayambhu, hekalu la kilimani, Willem alipanda ngazi kwa raha zake. Mjomba alipanda akiwataja miungu wote, na wengine nahisi alikuwa akiwabuni palepale. Juu, nyani wakamwendea Willem, wakamvua shada na kulila huku wanamtazama. Hakujitetea. Bibi Griet alicheka mpaka akaegemea gurudumu la sala.

Kutoka kule juu bonde zima liko miguuni pako. Upande wa magharibi, palipo na Thankot, malori yalikuwa yakipanda kwenye ukingo wa milima, moja nyuma ya jingine, madogo kama chawa kwenye mshono wa shati. Yakifika juu yanazama upande wa pili.

"Ndiyo njia yetu ile?" Bibi Griet akauliza. "Umeshapita mara nyingi?"

"Nyingi," nikasema. Sikuwahi kupita hata mara moja.

Mjomba akainua jagi. Maji yakamwagika mgongoni kwa Willem, na hapo ndipo nilipojikuta midomo yangu inacheza. Nilikuwa nikiomba. Usijitikise, ndugu yangu. Kaza. Willem akakaza. Pumzi ikanitoka ndefu, kama ya gurudumu lililochomwa msumari.

Kisha nikaogopa kweli. Mtu anafurahi vipi kukoseshwa kitu anachokililia tangu utotoni?

"Unacheka nini?" Mjomba akafoka.

"Sicheki."

Tukateremka. Mjomba alimsahau Gyanu Lal kwa muda, akawa anamlaumu aliyemuuzia mbuzi.

Jua likiwa linagusa milima, tukafika nyumbani Kirtipur. Mama alikuwa mlangoni na sinia yake tayari: yai la kuchemsha, samaki mkavu, kikombe cha gongo, vile anavyopewa kwetu mtu wa safari. Alimtazama mbuzi mzima na shingo yake, halafu akatutazama sisi.

"Kakataa?"

"Dada, nimemuuliza mji mzima," Mjomba akasema, simu mkononi. "Kakataa. Nampigia Gyanu Lal."

Hapo ningepaswa kuruka. Mdomo wangu unajulikana mpaka sokoni Kalimati. Bibi Griet alinitazama akingoja niruke.

"Mpigie," nikasema.

Mama akaiweka sinia chini.

"Rudia."

"Mbuzi kakataa, Mama. Nifanyeje?"

"Wewe? Tangu lini unamsikiliza mbuzi? Hata mimi hunisikilizi!"

"Tangu leo."

Mama akamgeukia kaka yake.

"Asta Man, mbuzi anakwenda Lo Manthang?"

"Haendi, dada."

"Nani anakwenda?"

Mjomba akaninyooshea kidole.

"Na huyu kaulizwa na nani?"

Kabla sijaelewa, Mama alikuwa amelichukua jagi. Maji ya kisima chetu mwezi wa Kartik, baridi inapoanza, hayana utani. Yalinishukia utosini, yakaingia masikioni, yakafuata uti wa mgongo pole pole, pingili kwa pingili. Mjomba akafungua mdomo. Mama akainua kidole. Bibi Griet alishusha kamera.

Nikasimama. Niliazimia kusimama kama Willem. Maji yalidondoka kwenye pua yangu, nami nikayaona malori yale yakizama upande wa pili, na mto chini yake. Nikauona na usukani, mikono yangu juu yake, barabara nisiyoijua ikinijia kona kwa kona. Hakuna aliyeniuliza kabla ya hapo. Hata mimi sikujiuliza. Nilikuwa na shughuli ya kutangaza. Willem alikuwa ananitafunia ncha ya shati, mpole, asiye na haraka na jibu langu.

Kitu kikaanzia kisogoni. Nikakizuia mabegani, kikapita. Nikatikisika mwili mzima, hadi visiginoni, maji yakaruka kwa Mjomba, kwa Bibi Griet, kwenye sinia.

Mama hakucheka. Alijifuta uso kwa ncha ya shali, akainama, akaniwekea yai kiganjani. Lilikuwa bado la moto.